FRANCIS LWAMGIRA: MTU WA MPAKANI NA MLINZI WA SHERIA

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika sherehe ya mwaka wa kumi wa Chama Kikuu cha Ushirika



Waliotutangulia wamekwisha kutueleza habari za maghala, za mizani, na za bei ya kahawa. Sisi tumeombwa kuleta habari za mtu mmoja wa zamani, ili vijana wetu wapate kujua kwamba mambo wanayoyakuta leo yana wenyewe walioyasumbukia. Tumemchagua Francis Xavier Lwamgira wa Kiziba, mtu wa barazani kwa Mukama, kisha mtu wa kati baina ya wenye nchi na boma la Bukoba, na baadaye katibu wa Baraza la Bakama.

Huenda mwanachama mmoja akauliza moyoni mwake: Lwamgira hakuwa kiongozi wa ushirika, basi ana nini nasi katika sherehe hii? Jibu letu ni fupi. Kahawa haioti hewani. Huota katika kibanja, na kila kibanja kina mpaka, na kila mpaka una sheria inayoulinda. Mahali ambapo sheria ya mpaka haijulikani, mkulima hupanda mbuni leo na kesho akavuna mwingine. Chama cha ushirika hakiwezi kusimama juu ya ardhi ya namna hiyo.

Mtu wa mpakani ni nani?

Katika vitabu na sinema za Marekani tumezoea kuona picha moja ya mtu wa mpakani. Ni mlowezi aliyeiacha miji nyuma yake, akajenga nyumba ya magogo mahali ambapo serikali haijafika, akafunga bastola kiunoni, akawa hakimu na askari kwa wakati mmoja. Picha hiyo yapendeza macho, lakini haitufai sana sisi.

Watu wenye kujiita kwa jina hilo walipata hata kufika kwetu. Mwezi wa Juni 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walivuka Ziwa Viktoria kwa meli kutoka Kisumu wakaushambulia mji wa Bukoba, uliokuwa mikononi mwa Wajerumani. Miongoni mwao kulikuwa na kikosi kimoja kilichojulikana kama kikosi cha watu wa mipakani. Kilikuwa tawi la chama kilichoanzishwa Uingereza na Roger Pocock, ambaye ujanani aliwahi kuwa polisi wa mpakani huko Kanada. Ndani ya kikosi hicho alikuwamo Frederick Selous, mwindaji mashuhuri aliyekwisha kupita umri wa miaka 60, ambaye aliuawa vitani Beho Beho, upande wa Rufiji, Januari 1917. Watu hao walibomoa mtambo wa simu ya upepo wa Wajerumani, wakaupora mji wa Bukoba, kisha wakapanda meli zao wakarudi walikotoka.

Hatutaji habari hiyo ili kuwalaumu watu waliokwisha kufa. Twaitaja ili tupime. Mgeni aliyekuja na bunduki alikaa siku mbili, akaondoka. Mtu aliyebaki mpakani na kuzishika sheria zake, awamu baada ya awamu, hakuwa na farasi wala bastola. Silaha yake ilikuwa kumbukumbu, na baadaye kalamu.

Mpaka wetu na walowezi wake

Nchi yetu ni nchi ya mpakani tangu zamani. Masimulizi ya Kiziba yanamtaja Kibi, mwindaji wa ukoo wa Babito, aliyetoka upande wa Bunyoro akaja kukaa huku, na uzao wake ukashika ufalme. Kwa hiyo hata watawala wa kale, kwa masimulizi yao wenyewe, walikuwa wageni waliokuja na kukaribishwa. Wahenga wanasema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Lakini kukaa kwenye nchi hii si jambo la kupiga hema tu. Kila mkulima aliye hapa anajua kwamba udongo wa mbugani, ule tunaouita rweya, ni maskini. Mtu apandaye migomba hapo hapati kitu mwaka wa kwanza. Yampasa akate nyasi za rweya azitandaze shambani, alete samadi ya ng'ombe, atupe majivu na takataka za jikoni, na afanye hivyo mwaka hata mwaka, mpaka udongo ubadilike rangi. Kibanja hakipatikani kwa kukiona. Hutengenezwa kwa jasho la watu wengi, tena mara nyingi mikono ya wanawake ndiyo iliyotangulia. Ndiyo maana neno kibanja kwetu lina uzito ambao neno shamba halina. Ndani yake wamo waliozikwa, na migomba waliyoipanda ingali inazaa.

Mlowezi wa Kihaya alipokwisha kupewa mahali na mkubwa wa kijiji, alipanda mpakani mti tunaouita mlamula. Mti huo haukatiki kwa urahisi, haufi kwa ukame mdogo, na ukichomekwa huota. Jina lake latokana na neno la Kihaya la kuamua na kupatanisha. Basi wazee wetu walikuwa na hakimu aliyesimama mpakani mchana na usiku, asiyelala, asiyekula rushwa. Watu wawili wakigombana, wazee walitoka barazani wakaenda wenyewe hadi mahali penyewe, wakaufuata mstari wa milamula kwa miguu, wakawauliza majirani: ni nani aliyeupanda huu, na nani alishuhudia?

Hiyo ndiyo sheria aliyoikuta Lwamgira. Nayo iliingiliwa na mpaka wa namna nyingine kabisa.

Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani walitia sahihi mapatano huko Ulaya, wakaigawa nchi kwa mstari wa digrii moja kusini ya ikweta. Mstari huo haukupandwa mlamula hata mmoja. Ulipita kaskazini ya Kiziba na kutenga watu wa upande wa Buganda na watu wa upande wetu, ingawa walioana na kufanya biashara siku zote. Mwezi wa Novemba mwaka uleule Emin Pasha alifika ukingoni mwa ziwa kwa niaba ya Wajerumani, akaanzisha kituo cha Bukoba. Tangu siku hiyo Kiziba ikawa ukingo wa dola moja kubwa ikitazamana na dola nyingine. Na jinsi mstari wa namna ile unavyoweza kuwa hatari tuliona wenyewe mwishoni mwa Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yalipouvuka na kudai kwamba nchi yao inafika hadi Mto Kagera.

Kijana wa barazani anaingia bomani

Katika ukingo huo ndipo alipokulia Lwamgira. Alilelewa katika mazingira ya baraza la Mukama wa Kiziba, mahali ambapo kijana alijifunza kwa kukaa kimya na kusikiliza: nani ni wa ukoo gani, nani alipewa kibanja gani, na kwa sababu gani fulani alinyang'anywa. Hapakuwa na daftari. Daftari lilikuwa kichwani mwa mtu.

Wajerumani walipojenga boma, walihitaji mtu wa kuwaeleza mambo ya wenyeji, na Bakama nao walihitaji mtu wa kuwaeleza mambo ya Wajerumani. Serikali ile ilitumia Kiswahili katika kazi zake, na kijana aliyekijua Kiswahili na pia kuijua mila alikuwa kama kivuko mtoni: pande zote mbili zilimtegemea, na kila upande ulimshuku kwamba ni wa upande wa pili. Lwamgira alisimama hapo. Kazi hiyo ilikuwa na hatari yake. Neno moja likifasiriwa vibaya bomani, mtu aliweza kutiwa kifungoni; neno moja likizidishwa barazani, Mukama aliweza kutumia jina la Serikali kumwonea jirani yake.

Ni katika enzi hiyo kahawa nayo ilibadilika. Wahaya waliijua kahawa kabla ya mzungu yeyote. Tuliitafuna, tuliwakaribisha wageni kwayo, na watu wawili waliofanya undugu wa damu waligawana tunda lake. Haikuwa zao la kuuzwa kwa uzito kwenye mizani. Bukoba ilipofanywa Residenti mwanzoni mwa karne iliyopita, chini ya Residenti von Stuemer, watu walihimizwa na pia kulazimishwa kupanda mibuni kwa wingi ili wapate fedha za kodi na ili meli na reli zipate mizigo. Mbuni ukapandwa katikati ya migomba, katika kibanja kilekile.

Jambo hilo lilibadilisha sheria pasipo mtu kuandika sheria mpya. Mbuni huishi miaka mingi na kuleta fedha kila msimu. Hatua tatu za ardhi ambazo zamani majirani wangeziachiana kwa kibuyu cha lubisi, sasa zilikuwa na mibuni kumi, na mibuni kumi ni karo ya mtoto. Kesi za mipaka zikaongezeka, na mtu mwenye kumbukumbu akawa mtu mwenye thamani kubwa kuliko zamani.

Katibu wa Baraza la Bakama

Mwaka 1916 Wajerumani waliondoka na Waingereza wakashika Bukoba. Watumishi wengi wa serikali iliyoanguka walianguka nayo. Lwamgira hakuanguka. Waingereza nao walimkuta kama Wajerumani walivyomkuta: mtu aliyejua habari za nchi kuliko karatasi zozote walizorithi. Gavana Donald Cameron alipoeneza utaratibu wa kutawala kwa njia ya wenyeji, ulioandikwa katika sheria ya mwaka 1926, mabaraza ya Bakama yalipewa hazina na mahakama zake. Mabaraza ya namna hiyo hayawezi kufanya kazi bila katibu, na katibu wa Baraza la Bakama akawa Lwamgira.

Tutafakari kazi hiyo. Palikuwa na Bakama wengi, kila mmoja na heshima yake na ugomvi wake wa kale: Kiziba na Kianja, Ihangiro na Kiamtwara, na wengineo. Desturi zao zilifanana, lakini hazikuwa sawasawa. Kijana wa boma aliyetoka Uingereza aliuliza: sheria ya Wahaya juu ya jambo hili ni ipi? Ilimpasa katibu ajibu kwa namna ambayo Mukama wa Ihangiro hataona amenyimwa haki yake, wala yule wa Kiziba hataona amependelewa.

Katika jibu la namna hiyo ndimo ilimokaa haki ya mkulima. Chukua mfano wa kibanja cha ukoo. Mila ilisema kwamba mtu aliyerithi kibanja si mwenye kukila peke yake. Akikiuza kwa mtu wa nje bila kuwaeleza ndugu zake, ndugu wana haki ya kukikomboa kwa kumrudishia mnunuzi fedha zake. Mzungu aliyezoea sheria ya kwao angeweza kusema kwamba mauzo ni mauzo, na mambo yamekwisha. Ilihitajiwa sauti ya kumweleza kwamba hapa ardhi inauzwa kwa masharti, na masharti hayo ni sehemu ya sheria wala si usumbufu wa wazee.

Elimu hiyo haikuachwa ife na wenye nayo. Mwaka 1945 Hans Cory na M. M. Hartnoll walitoa kitabu cha sheria za mila za Wahaya, kwa aya zilizopangwa kwa namba, juu ya urithi, ndoa, ardhi na mengineyo. Ujuzi wa wazee kama Lwamgira ndio uliokijaza kitabu hicho. Naye mwenyewe aliandika kwa Kihaya kitabu kinachoitwa Amakuru ga Kiziba, habari za Kiziba na Bakama wake, kilichochapwa mwaka 1949. Mtu aliyeanza na daftari la kichwani alimaliza na daftari la karatasi. Ndiyo safari ya maisha yake, na ndiyo sababu tunamwita mlinzi wa sheria.

Sheria ya nani?

Hata hivyo, ndugu wanachama, hatukuja hapa kumsifu mtu kwa maneno matamu tu. Siku ya sherehe ndiyo siku ya kusema kweli kwa adabu.

Lwamgira alikuwa mtumishi wa Bakama na wa boma. Mkulima mdogo hakuwa mwajiri wake. Sheria aliyoilinda ilikuwa na haki nyingi ndani yake, lakini ilikuwa pia na nyarubanja. Kwa utaratibu wa nyarubanja, eneo zima liliwekwa chini ya mkubwa mmoja, na watu waliokuwa wakilima humo, pengine tangu kwa babu zao, waligeuka watwarwa wake, wakimpelekea mazao, fedha au kazi. Kahawa ilipopata bei, nyarubanja likawa jambo chungu zaidi, kwa sababu jasho la aliyeutunza mbuni lilikwenda kwa asiyeushika hata jembe.

Watu hawakunyamaza. Mwaka 1924 makarani, walimu na wafanya biashara waliunda Bahaya Union, wakataka elimu, maendeleo na haki mbele ya wakubwa wao. Clemens Kiiza, mmoja wa wenzao, alijitahidi kuifanya kahawa ya Mhaya iuzwe na Mhaya. Mwaka 1937 kulizuka ghasia juu ya kanuni za kilimo cha kahawa, ambazo wakulima waliziona zimewekwa juu ya vichwa vyao bila kuulizwa. Hatimaye mwaka 1950 kikaundwa Chama Kikuu cha kwanza cha ushirika cha wakulima wa Bukoba, Bukoba Native Cooperative Union. Nyarubanja lenyewe lilivunjwa na sheria ya Bunge ya mwaka 1965, na sheria nyingine ya mwaka 1968 ikaendeleza kazi hiyo, hata anayeilima ardhi akawa ndiye mwenye kuishika.

Twaona basi kwamba sheria iliyoandikwa vizuri inaweza kumlinda mtu, na inaweza pia kumfunga. Ikiwa kumbukumbu ni ya barazani kwa wakubwa tu, kitakachoandikwa ni haki ya wakubwa. Mambo ambayo mzee wa barazani hakuulizwa, au hakuona haja ya kuyasema, hayakuingia kitabuni.

Miongoni mwa waliokosa kuulizwa ni akina mama. Kazi ya kuandika mila iliendelea baada ya Uhuru, na katika Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963 kanuni za urithi zikasema kwamba mwanamke aweza kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, ila hawezi kuiuza. Mwanamume wa ukoo uleule hakufungwa hivyo.

Jambo hilo lilipimwa hapa kwetu, katika Wilaya ya Muleba. Mwaka 1988 mama mmoja, aliyerithi kibanja cha ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia halali, alijiona amezeeka wala hana wa kumtunza. Akakiuza kibanja hicho kwa mtu asiye wa ukoo, kwa shilingi 300,000. Siku ya pili yake mtoto wa ndugu yake alifungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, akidai kwamba mauzo ni batili kwa kuwa muuzaji ni mwanamke. Mahakama ya Mwanzo ikakubali. Mahakama ya Wilaya ikakataa. Shauri likafika Mahakama Kuu, Mwanza, na mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya akaamua kwamba kanuni ile inapingana na haki za binadamu zilizo katika Katiba ya nchi, na kwamba mwanamke ana haki ileile aliyo nayo mwanamume.

Twaomba msikilize vizuri sehemu ya pili ya hukumu hiyo, kwa sababu watu huisahau. Jaji hakuing'oa mila yote. Haki ya ukoo kukomboa kibanja aliiacha: ndugu wakikitaka, wamrudishie mnunuzi shilingi zake 300,000, kama ambavyo ingewapasa kama muuzaji angekuwa mwanamume. Kilichoondolewa ni ubaguzi. Kilichobaki ni busara ya wazee. Baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, ikathibitisha kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume katika kupata, kushika na kutumia ardhi.

Wapo wazee wetu waliosema siku zile kwamba mila imekufa. Sisi hatuoni hivyo. Mbuni uliozeeka haung'olewi wala hauachwi ukawa kichaka. Hukatwa shina, na machipukizi mapya hutoka katika mizizi ileile. Mkulima asiyethubutu kushika msumeno kwa kuwa babu yake ndiye aliyeupanda, hapati kahawa. Aung'oaye na mizizi, naye hungoja miaka bila mavuno.

Yatupasayo sisi wa ushirika

Sasa tuje nyumbani kwetu, kwenye ushirika. Wahenga wanasema, mali bila daftari huisha bila habari. Chama chetu kimetimiza miaka 10, na katika miaka hiyo daftari la wanachama limekuwa kwetu kama kumbukumbu ya Lwamgira ilivyokuwa kwa baraza: anayeonekana humo ana haki, asiyeonekana humo hana. Karani wa mizani anapoandika uzito wa gunia na jina la mwenye nalo, anafanya kazi ya hakimu, hata kama hajioni hivyo. Kilo moja ikiandikwa pungufu, ni sawa na mlamula uliosogezwa hatua moja usiku.

Basi na tujiulize kwa uaminifu. Katika vijiji vyetu ni nani anayepalilia kibanja, anayechuma kahawa, anayeianika na kuianua mvua inapotishia? Na jina lililoandikwa katika stakabadhi ni la nani? Mume akifariki, malipo ya pili yanakuja kwa jina la marehemu. Mjane aliyeichuma kahawa hiyo analazimika kwenda na kurudi kutafuta barua na mashahidi, hali ndugu wengine wamekwisha kufika ofisini kabla yake. Haya hayahitaji uchunguzi wa mtaalamu. Kila mmoja wetu anaweza kumtaja jirani yaliyemkuta.

Kwa hiyo, kwa heshima yote, twaleta mbele ya mkutano huu mambo matatu.

La kwanza: kila chama cha msingi kifungue upya daftari la wanachama, na katika kila nyumba inayolima kibanja kimoja, mume na mke waandikwe wote wawili, kila mmoja kwa jina lake, pamoja na mrithi waliyemtaja wangali hai.

La pili: ikiwa kuna ugomvi wa kibanja ambacho kahawa yake inaletwa kwenye mizani yetu, chama kisimlipe mwenye sauti kubwa. Fedha ziwekwe kando kwa hati, mpaka wazee, baraza la kijiji au mahakama imalize shauri. Nao wajumbe wetu wasiamue mipaka wakiwa ofisini. Waende shambani wakaufuate mstari kwa miguu, kama walivyofanya wazee.

La tatu: kila chama kiteue vijana wawili, mvulana na msichana, wakae na wazee wa kijiji na kuandika habari za vibanja: nani alianza, nani alipanda mipaka, nani walishuhudia. Na safari hii waulizwe pia akina mama wazee, ambao barazani hawakuitwa. Kumbukumbu yao ni nusu ya daftari ambayo bado haijaandikwa.

Ndugu wanachama, Lwamgira aliishi wakati ambapo nchi ilibadilishwa mabwana mara mbili mbele ya macho yake. Alichoweza kufanya ni kuona kwamba sheria ya watu haipotei kwa kuwa tu bendera imeteremshwa. Alifanya hivyo kwa ajili ya waliomtuma. Sisi tuna bahati kuliko yeye, kwa kuwa waliotutuma ni ninyi mlioketi hapa, wenye vibanja na wenye kura. Hatuna udhuru wa kuandika daftari lenye nusu ya watu.

Twamwomba Mheshimiwa Mwenyekiti ayapeleke mambo hayo matatu kwa Halmashauri, yajadiliwe, na majibu yasomwe mbele ya Mkutano Mkuu ujao. Twakitakia Chama chetu Kikuu miaka mingine mingi ya mizani ya haki na mavuno mema.